Mifuniko ya Mstari wa Pili

Vijana wangu wa kinuni, Mei Mosi mwaka huu mlinipa kipaza sauti mkaniambia, "Mama Minza, dakika kumi tu, utueleze chama cha wafanyakazi kilifanya nini enzi zenu." Nilipofika dakika ya nne mgeni rasmi akaingia uwanjani na msafara wake, ngoma zikaanza, na kijana wa muziki akanizima. Alinizima kwa heshima, akanishika mkono mpaka kwenye kiti. Sikukasirika. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi ndani ya kelele za mashine amezoea kusema bila kusikika. Ila nilikuwa sijafika mahali penyewe. Nilikuwa nimefika kwenye choo cha wanawake, mkacheka, mkadhani hadithi ndiyo hiyo.

Kwa hiyo nimeandika. Muda ninao. Nyumba yangu hapa Bariadi ina vyumba vitatu, na ninatumia kimoja. Mwanangu mmoja yuko Dar, mwingine Geita, na baba yao alishatangulia. Asubuhi namwambia jirani "Mwangaluka" juu ya ukuta, ananijibu, na siku nyingine hayo ndiyo maongezi yangu yote mpaka kesho yake. Barua ikiwa ndefu, mnivumilie.

Nilianza kinuni nikiwa mfagiaji. Ninyi mmekikuta kinu kina feni za kuvuta vumbi, na barakoa mnagawiwa getini. Sisi tulijifunga vitambaa puani, na jioni tulitema mate meupe kama watu waliotoka kunywa maziwa. Wiki yangu ya kwanza niliona joto, nikavua khanga ya juu nikaitundika kwenye bomba karibu na presi, ile mashine inayoshindilia pamba kuwa robota. Niliporudi khanga haikuwepo. Nikaitafuta kila kona, nikamshuku mpaka mlinzi. Kesho yake wakati wa kupakia, robota moja likakatika waya, na katikati ya weupe ule ukachungulia upindo wa khanga yangu, mwekundu, umebanwa kama ulimi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Fundi wa mstari akaja akauvuta, ukagoma kutoka. Akaniambia, "Iache iende, dada. Angalau mmoja wenu ataiona bahari."

Fundi huyo aliitwa Luhende. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mtu wa kusikiliza mashine kabla ya kuzigusa. Ndiye aliyenitoa kwenye ufagio akanifundisha kazi. Alikuwa akisema mashine ikishiba pamba hubadili sauti kabla ya kukwama: kwanza hunung'unika, halafu hukohoa. Ukiisikia inanung'unika, zima. Ukingoja ikohoe, umechelewa. Baadaye, nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi, niligundua kwamba hata mabosi wako hivyo hivyo, na hata watu wetu.

Niwaeleze mstari ulivyokuwa, maana wenu wa sasa umebadilika. Kinu kilikuwa na mistari miwili. Katika kila mmoja mashine za kuchambua zilipangwa safu moja, zote zinazungushwa na mota moja na swichi moja ukutani. Chini ya safu kulikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji chuma kirefu kilichojisokota kama skrubu, kinachosukuma mbegu kwenda ghalani. Mfereji huo ulitakiwa uwe na mifuniko ya chuma juu yake. Mbegu zikikwama, mstari unazimwa, mtu anafunua, anainama na kuzichokonoa kwa mkono. Kabla ya kuwasha tena, mtu wa swichi anapiga filimbi mara tatu, anangoja aliyeinama anyooshe mkono juu, ndipo anawasha. Sheria hiyo haikuandikwa na ofisi. Aliitunga Luhende mwenyewe, na alikuwa akimfukuza kwenye swichi yeyote anayeipuuza.

Mchana tulikula pamoja kivulini, nyuma ya ghala la mbegu. Mkewe alimfungia ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na mimi nilileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Tulibadilishana. Aliniita nkoi, yaani rafiki. Kwetu mwanamume hamwiti hivyo ovyo mwanamke asiye ndugu yake, lakini hakuna aliyetusema vibaya, kwa kuwa kila mtu alimjua Luhende.

Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye uongozi wa tawi. Alikuwa mwakilishi kabla yangu, akachoka. Siku ya uchaguzi wote tuliangalia ndala zetu. Akasimama akasema, "Minza anasoma haraka na haogopi watu." La kwanza lilikuwa kweli. Nikapita bila kupingwa.

Mara ya kwanza kumwona meneja nilikuwa nimekariri hoja usiku mzima. Meneja akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za watoto, akanifungulia soda. Nikainywa mpaka mwisho, nikashukuru, nikatoka. Nilipofika nje ndipo nikakumbuka kwamba sikusema lolote. Luhende alikuwa ananingoja mlangoni.

"Ilikuwa ya baridi?" akaniuliza.

"Ndiyo, kaka."

"Haya. Chama kimepata soda moja."

Tangu siku hiyo nilijifunza kusema jambo lililonileta kwanza, soda baadaye. Nilijifunza pia kutoingia ofisini peke yangu: mmoja anasema, mwenzake anaandika. Barua moja ibebe jambo moja, maana ukiweka matano utajibiwa lile jepesi. Hivyo ndivyo tulivyopata choo cha wanawake chenye mlango. Barua tatu zilijibiwa kwamba choo kipo. Ya nne nilimwomba meneja kwa adabu aje akitumie yeye mwenyewe, mchana, zamu inapotoka. Mlango ukaja Ijumaa.

Lakini ambalo sikuambiwa na yeyote, nami nawaambia ninyi, ni kwamba kazi hii inakutenga. Nikiwakaribia kina mama wanaopembua pamba, maongezi yalikatika, kwa kuwa walidhani nitayapeleka ofisini. Nikiingia ofisini, makarani waligeuza karatasi zao chini, kwa kuwa walidhani nitazipeleka kwa wafanyakazi. Ukiwa katikati unaheshimika, ila hakuna anayekuita mkale. Mimi sikuuhisi upweke huo miaka ile kwa sababu ya mtu mmoja tu, aliyekuwa akisogeza gunia pale nyuma ya ghala ili nami nipate pa kukaa.

Sasa nifike mahali penyewe.

Ulikuwa mwanzo wa msimu, na mifuniko ya mstari wa pili ilikuwa imeondolewa, kwa maelezo ya ofisi inakwenda kuchomelewa upya. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Mfereji uko wazi, ile skrubu inazunguka, watu wanaruka juu yake wakibeba pamba. Luhende ndiye aliyeanza kulisema. Tukakaa tawi zima, tukaamua kwamba mstari wa kwanza tutaufanyia kazi, wa pili hatuugusi mpaka mifuniko irudi. Niliandika barua. Jambo moja.

Siku ya tatu ya msimamo wetu, lori likaingia getini na watu wageni. Walikuwa watu wa ziwani, upande wa Lamadi na Busega, wavuvi ambao ziwa liliwanyima mwaka ule. Meneja aliwachukua kama vibarua wa kutwa, akawapeleka moja kwa moja mstari wa pili. Hawakujua kuna mgogoro. Waliona kazi, wakafanya.

Hasira iliyowaka kinuni siku ile sijaiona tena. Wenzetu waliwaita watu wa dagaa. Nao, walipochoka kuitwa hivyo, wakatuita wachunga ng'ombe waliopotea njia. Bombani kila upande ulianza kupanga foleni yake. Mtu mmoja wa kwetu alimwaga ndoo ya mwanamke wa ziwani makusudi, na kesho yake baiskeli ya mtu wa kwetu ilikutwa imekatwa matairi. Niliisikia ile sauti ya kunung'unika.

Tukaitisha kikao. Wengi walitaka wageni wafukuzwe, kwa maneno au kwa fimbo. Mimi nikasema tuwaandikishe kwenye chama. Ukumbi ukazomea. Kisha akasimama Luhende, nami nikadhani anasimama kunisaidia.

"Nkoi," alisema, "mtu aliyekuvunjia msimamo leo, kesho atakuvunjia tena. Hawa msimu ukiisha wanarudi kwenye mitumbwi. Sisi tutabaki na meneja, na meneja atakuwa ameshajifunza namna ya kutushinda."

"Ameshajifunza, kaka," nikamjibu. "Anatushinda kwa sababu tuko wawili. Tukiwa mmoja atamleta nani?"

Tulipiga kura, nikashinda kwa mikono michache. Luhende hakununa. Alinisogezea gunia kesho yake kama kawaida. Ila alikula haraka, na aliangalia upande wa mstari wa pili kama mtu anayeangalia shamba lake likilimwa na mwingine.

Nilikwenda na fomu kwenye nyumba ndefu waliyopanga karibu na mnada. Kiongozi wao aliitwa Mafuru, kijana wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye mikono yenye makovu ya kamba za nyavu. Aliisoma fomu mara mbili.

"Mama, tukijaza hii meneja atatufukuza."

"Msipojaza atawafukuza pia, pamba ikiisha. Tofauti ni kwamba mkijaza itabidi atoe sababu."

Akacheka kidogo. "Na wenzenu? Wanatutazama kama fisi."

"Hawawajui. Nanyi hamjui kwa nini tulikuwa tumesimama." Nikamweleza habari ya mifuniko. Akawaita wenzake na kuwaeleza kwa Kijita. Wakaweka saini wote, na kesho yake asubuhi hakuna mtu, wa ziwani wala wa kwetu, aliyeukaribia mstari wa pili.

Meneja akaniita saa nne. Safari hii soda niliikataa. Akasema mifuniko iko tayari kwa fundi, itakuja wiki ijayo, ananipa neno lake mbele ya Mungu, ila malori yamejaa nje na wakulima wanalala juu ya pamba yao. Hilo la wakulima lilikuwa kweli. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba kule karibu na Lagangabilili, ninajua kulala juu ya magunia. Nikasema sawa. Nilikuwa peke yangu ofisini, sikuwa na mtu wa kuandika, na sikumwomba aandike. Nikatoka nikawaambia watu warudi kazini, mifuniko inakuja.

Vijana, someni hapo mara mbili. Kila nililowafundisha hapo juu nilikuwa nalijua siku ile, na sikulifanya hata moja.

Wiki ijayo ilifika. Mifuniko haikuja. Siku ya tisa tangu ahadi ile, saa tisa alasiri, mbegu zilikwama mstari wa pili. Mstari ukazimwa. Mafuru akainama mferejini, akaingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nimebeba karatasi za zamu. Kwenye swichi alikuwa Luhende. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amerushiana maneno na kijana mmoja wa ziwani juu ya ndoo ya grisi, na nilimwona akienda ukutani bado anazungumza peke yake, uso ameugeuzia pembeni. Hakupiga filimbi. Hakuangalia. Aliwasha.

Sitaeleza sauti ile. Swichi ilizimwa mara moja, na aliyeizima ni Luhende mwenyewe, naye ndiye wa kwanza kufika, akavua shati lake akaufunga mkono ule. Tulimpeleka Mafuru hospitali kwa gari la ofisi. Kiganja kilibaki. Vidole vinne havikubaki.

Niliporudi nilikuta uwanja wa kinu umegawanyika. Watu wa ziwani walikuwa wameshika vyuma vya kufungia marobota. Watu wetu walikuwa wamemzunguka Luhende, nao hawakuwa mikono mitupu. "Alikusudia!" mmoja wa ziwani alipiga kelele. "Alituchukia tangu mwanzo!" Na upande wetu wakajibu kwamba huyo mgeni hajui kazi, aliingiza mkono bila kuambiwa.

Nilipita katikati. Nikakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi. Sikuwa nimepanga. Watu wakashangaa kumwona mama mtu mzima amekaa uwanjani, kelele zikapungua.

"Mimi nilikuwepo," nikasema. "Niliona kwa macho yangu. Ofisi itaitisha kikao. Huko nitasema nilichokiona, na nikitoka nitakisema hapa hapa, mbele yenu nyote, bila kupunguza. Mkiona nimedanganya, fanyeni mtakalo. Lakini leo wekeni hivyo vyuma chini."

Mwanamke wa ziwani, yule aliyemwagiwa ndoo, alikuwa wa kwanza kukaa. Halafu wakakaa wengine, wa kwao na wa kwetu, mmoja mmoja.

Jioni, jua halijazama, Luhende alikuja nyumbani kwangu. Mume wangu alikuwa hai bado, alimkaribisha, kisha akaondoka akatuachia nafasi. Luhende hakutaka kukaa.

"Nkoi, utasema nilipiga filimbi."

"Hukupiga, kaka."

"Sikupiga. Nilikuwa na hasira, sikuangalia. Lakini Mungu anajua sikukusudia."

"Najua. Na hilo nitalisema."

"Watasikia la kwanza tu." Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyeitunga ile sheria, Minza. Mimi. Unataka wanangu wasikie nini?"

Nilimwambia kwamba nikisema filimbi ilipigwa, kosa linamwangukia Mafuru. Itaandikwa kwamba ni uzembe wake, atarudi ziwani bila vidole na bila haki yoyote, na wenzake watajua kwamba tumemzika kwa uongo. Nikamwambia chama nilichowaapia wale watu kwa fomu hakiwezi kuwa cha upande mmoja. Niliyasema yote hayo vizuri kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akaondoka. Chai niliyomwekea ilibaki, imeota utando juu.

Kwenye kikao walikuwepo meneja, afisa kazi, na mwenzetu wa chama kutoka mkoani. Meneja alitaka mwenye kosa awe ama Mafuru ama Luhende, yeyote kati yao, ilimradi mifuniko isitajwe. Nikasema nilichoona. Filimbi haikupigwa. Luhende hakuangalia. Hakukusudia, na ndiye aliyeufunga mkono. Mfereji ulikuwa wazi, na mfereji wenye mifuniko hauwezi kumla mtu vidole. Na mtu aliyewarudisha watu kwenye mfereji ulio wazi, kwa ahadi ya mdomo, ni mimi. Luhende alikuwa amekaa mkabala nami. Hakuinua macho kutoka mezani hata mara moja.

Tulibishana siku nzima. Mwisho iliandikwa kwamba Mafuru aliumia kazini na kwa sababu ya kazi, atibiwe, na akipona apewe kazi nyingine hapo hapo kinuni. Ofisi ikaamriwa mifuniko irudi kabla mstari haujawashwa tena. Vibarua wa ziwani wakaingizwa kwenye mkataba wa hali bora, ule wa mishahara na haki za kazi, pamoja nasi. Kuhusu Luhende, meneja alitaka afukuzwe siku hiyo hiyo. Sisi wa chama tulimpigania mpaka jasho likatutoka, likabaki onyo la barua. Kazi yake tuliiokoa.

Nikatoka nikawaambia watu uwanjani kila neno, kama nilivyoahidi. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini hakuna aliyeinua chuma, na wakati wa kwenda bombani foleni ilikuwa moja.

Kesho yake asubuhi ovaroli ya Luhende ilikutwa imekunjwa juu ya swichi. Alikuwa ameondoka na mkewe na watoto kwenda Malampaka, kwao mkewe. Hakuaga mtu. Nilimtumia salamu mara kadhaa kwa watu wanaokwenda huko. Hazikurudi.

Mlisikia kwenye sherehe kwamba tawi letu halijawahi kuwa na ugomvi wa makabila tangu miaka hiyo. Ni kweli, najivunia. Ila sherehe hazisemi mengine. Watu wetu waliniita aliyemuuza ndugu yake kwa watu wa dagaa, wakaacha kunisemesha isipokuwa wana shida. Watu wa ziwani waliniheshimu sana, wakanipa samaki sikukuu, lakini wakikaa walikaa wao na Kijita chao. Mafuru alifanya kazi stoo ya vifaa kwa miaka mingi, akaniamkia kila asubuhi. Jina la Luhende hakulitaja kamwe. Niliendelea kuwa mwakilishi, kwa kuwa kila uchaguzi watu waliangalia ndala zao. Na mchana nilikula nyuma ya ghala, peke yangu, mpaka nilipostaafu.

Miezi miwili iliyopita nilipanda gari mpaka Maswa, nikaunganisha mpaka Malampaka. Sikumpigia kabla. Niliogopa atasema nisije. Nilimkuta uani karibu na stesheni, anafunga spoku za baiskeli. Amekonda, mvi kichwa kizima. Aliniangalia kwa muda.

"Karibu, mgeni," akasema. Akamwita mkewe. "Mpe mgeni kiti."

Walinitendea kila ambacho mtu hutendewa. Maji ya kunywa, maji ya kunawa, wali na kuku. Aliniuliza habari za mvua Bariadi, bei za mbolea, na kama barabara ya Lagangabilili imekwisha. Kila aliposema, alisema mgeni. Mgeni, ongeza mchuzi. Mgeni, jua linakupata, sogea. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Bariadi, na sikupata pa kuyaingiza.

Mkewe alipoanza kuondoa vyombo, Luhende alirudi kwenye baiskeli yake, akauliza bila kuniangalia, "Yule wa ziwani. Yuko hai?"

"Yuko hai. Alirudi Lamadi, anauza dagaa sokoni. Ana watoto wanne. Tulionana kabla ya Pasaka."

Akazungusha tairi polepole. "Aliwahi kuniulizia?"

Vijana, sijawahi kutamani kusema uongo kama saa ile. Kila mara, kaka, anakuulizia kila mara, alishasahau. Nani angeumia? Nilikuwa nayo yote ulimini. Nikamtazama mkewe, alikuwa amesimama na sahani mkononi, naye ananitazama, ananiomba.

"Hapana," nikasema. "Hata siku moja."

Tairi lilizunguka mpaka likasimama lenyewe. Mkewe akaingia ndani. Nikachukua mkoba wangu, nikasema nahofia kukosa gari la mwisho. Alinyanyuka kwa kushika ukuta, goti lake moja halikunji vizuri, akavaa viatu.

"Nakusindikiza," akasema.

Tulitembea taratibu, yeye mbele kidogo. Tulipita stesheni, tukapita wauza viazi. Tulipofika barabarani akasimama kando yangu, akatazama gari linakotokea.

"Mifuniko," akasema. "Ilikuja?"

Nilidhani alishaambiwa. Miaka yote hiyo, watu wanakwenda na kurudi, na hakuna aliyemwambia.

"Ilikuja, kaka. Siku tatu baada ya wewe kuondoka. Mizito, ya bawaba. Ukiifunua mota haiwaki."

"Mstari wa pili tu?"

"Yote miwili."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama alivyokuwa akifanya mashine inapokaa sawa. Tukaendelea kusimama pale, bega kwa bega, tukingoja gari.